Mkono wa Nani? Solo za Gitaa la Stili Zinazostahili Kutajwa

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mbele ya wapiga ala, wanakwaya na watunzaji wa santuri kutoka Mtwara na Lindi. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Majina ya rekodi zilizopigwa ukumbini yamebaki ndani ya maelezo ili msomaji aweze kuzitafuta mwenyewe.

Wazee wetu, kina mama na kina baba, ndugu zangu wapiga magitaa, vijana wa bendi na wa kwaya mliotoka Masasi, Newala, Lindi na hapa jirani Mikindani: asalaam alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, na poleni kwa safari.

Nimeombwa nizungumze juu ya solo za gitaa la stili ninazozipenda na ambazo wengi hawazijui. Niseme neno langu mapema, msije mkalisubiri mpaka mwisho. Kwa maoni yangu, solo bora kabisa za gitaa hili ni fupi, zimekaa ndani ya nyimbo zinazobeba majina ya watu wengine, na zimepigwa na watu waliokubali kumjibu mwimbaji badala ya kushindana naye. Kwa sababu hiyo hiyo majina ya wapigaji yamepotea. Wimbo unajulikana, sauti ya gitaa inajulikana, lakini ukiuliza ni mkono wa nani, watu wanatazamana. Je, hiyo ni haki?

Sisi hapa kwetu tuna desturi nzuri zaidi. Nani katika ukumbi huu anahitaji kuambiwa kwamba gitaa analolisikia ni la Mbaraka Mwinshehe? Inatosha Morogoro Jazz isikike kidogo tu, hata kabla ya maneno, na mtu atamtaja. Wazee wanaoikumbuka Kilwa Jazz hawaachi kumtaja Ahmed Kipande. Katika muziki wetu wa dansi, na katika ule wa Kongo, mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo, na jina hilo hubaki ndani ya santuri hata baada ya wote wawili kuondoka duniani. Desturi hiyo ndiyo ninayotaka tuipeleke leo kwa wapigaji wa mbali.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Gitaa la stili, ambalo wengine mmelizoea kwa jina la gitaa la Hawaii, hulazwa mapajani, au husimama kwa miguu yake mbele ya mpigaji, nyuzi zikitazama juu. Mkono wa kushoto haukandamizi nyuzi, bali hushika kipande cha chuma kilicholainishwa na kukitelezesha juu yake, huku vidole vya mkono wa kulia vikicharaza. Kwa kuwa freti, yaani vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo ya gitaa, haziikati sauti, noti moja huweza kupanda hadi nyingine ikipita katika sauti zote zilizo kati yao. Mliokulia kwenye taarabu mnaijua tabia hiyo kwa fidla na udi: sauti haigawanyiki vipande vipande, inavutika, inalegea, inatetemeka, na kwa sababu hiyo inaweza kumfuata mwimbaji mpaka pale anapovuta pumzi.

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 huko Laie, katika kisiwa cha Oahu. Alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi akiwa bado kijana wa shule. Mwaka 1904 aliondoka Hawaii, akazunguka Marekani na Ulaya akipiga na kufundisha, na akafariki New Jersey mwaka 1932 bila kurudi kuishi kwao. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yalipowasikilizisha Wamarekani muziki wa Hawaii, gitaa hili likaenea kila mahali, na katika kuenea huko likaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuiona bahari ya Pasifiki.

Mmoja wao ni Sylvester Weaver, Mmarekani mweusi kutoka Louisville, Kentucky. Mwezi Novemba 1923 aliingia studio akarekodi vipande viwili vya gitaa peke yake, bila mwimbaji: "Guitar Blues" na "Guitar Rag". Mfikirie alivyokuwa. Studio za wakati huo hazikuwa na maikrofoni. Mpigaji aliketi mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya mikono yake tu ndiyo iliyosukuma sindano ichore nta. Gitaa ni chombo cha sauti ndogo, na wengi hawakuamini kwamba linaweza kubeba santuri nzima. Weaver alilibebesha. Sikilizeni jinsi anavyoingia kwenye noti kutoka chini, taratibu, akaiacha ilie kidogo kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kucheza. Hizo ndizo rekodi za kwanza za bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, zilizopigwa kwa mtindo wa kutelezesha.

Sasa sikilizeni kilichotokea baadaye. Mwaka 1936 bendi ya dansi ya Bob Wills wa Texas ilirekodi "Steel Guitar Rag", na aliyepiga gitaa ni kijana wa miaka 19, Leon McAuliffe. Rekodi hiyo ikapendwa mno, ikawa kama wimbo wa taifa wa gitaa la stili, na kila mwanafunzi wa chombo hiki akajifunza kuipiga. Ukiziweka santuri hizo mbili pamoja, moja baada ya nyingine, utasikia wazi kwamba melodia ya kwanza ya McAuliffe ni ile ya Weaver. Simlaumu kijana, anapiga vizuri, kwa furaha inayoambukiza, na Bob Wills anamtaja Leon kwa jina ndani ya rekodi, jambo ambalo namheshimu nalo. Lakini Weaver aliacha kurekodi mwaka 1927, akafariki mwaka 1960 katika mji wake, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1992. Wahenga wa pwani walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi, tunapoona kitu kinaelea, tuulize fundi wake ni nani. Tuulize Weaver. Tuulize jina.

Nilipite haraka suala la umeme, maana vijana wengi mnalijua. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kwa umma, lile la kampuni ya Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa gitaa la kulaza mapajani. Gitaa la stili ndilo lililotangulia; haya mnayoyavaa mabegani yalifuata. Na katika muziki wa kusini mwa Marekani, mtu wa kwanza kurekodi solo za gitaa la umeme alikuwa mpiga stili, Bob Dunn, akiwa na bendi ya Milton Brown, mwezi Januari 1935. Dunn alijua pia kupiga tromboni, na hilo linasikika. Tafuteni kipande chake kiitwacho "Taking Off". Hachezi kwa ulaini wa Hawaii hata kidogo. Anapuliza, naweza kusema. Anakata sentensi fupi, ananyamaza, anarudi kwa ukali kutoka mahali usipomtarajia. Wapo wasioipenda sauti hiyo kwa sababu ni ngumu na ina makwaruzo. Mimi naipenda kwa sababu hizo hizo: ni sauti ya mtu aliyepewa chombo kipya kabisa, ambaye hakuna wa kumwambia kipigwe namna gani.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo naomba tukae zaidi.

Wengi wenu mmewahi kumsikia Hank Williams, mwimbaji wa kantri, muziki wa kusini mwa Marekani, au nyimbo zake zikiimbwa na watu wengine. Aliyekaa pembeni yake na gitaa la stili kwa miaka ya mwisho ya maisha yake ni Don Helms. Fred Rose, aliyekuwa akisimamia nyimbo za Hank, alimwelekeza Helms apige juu, kwenye nyuzi nyembamba na upande wa sauti kali. Sababu yake ilikuwa ya kifundi na ya busara: sauti ya Hank ilikaa chini na katikati, kwa hiyo gitaa likikaa juu halimfuniki, na zaidi ya hapo sauti kali hupenya katika redio ndogo. Fikirini jambo hilo. Mpigaji anaambiwa: acha eneo lote la katikati, mwachie mwenye wimbo, wewe kaa juu peke yako. Je, wangapi kati yetu tungekubali? Helms alikubali, na katika eneo lile dogo aliloachiwa akajenga sauti ambayo mtu akiisikia mara moja haimtoki tena.

Lakini sitawapigia Hank leo. Nimewaletea kazi ambayo Helms aliifanya baada ya Hank kufariki tarehe 1 Januari 1953. Wa kwanza ni wimbo wa Patsy Cline, "Walkin' After Midnight", wa mwaka 1957. Watu husikia sauti ya yule mama, na ni haki yake, maana ni sauti kubwa. Hata hivyo, naomba mrudie mkisikiliza nyuma yake. Kila anapomaliza mstari, gitaa linampokea kwa noti mbili au tatu, halafu linaondoka kabla hajaanza mstari unaofuata. Hakuna hata mara moja wanapogongana. Wa pili ni "The Long Black Veil" wa Lefty Frizzell, mwaka 1959. Humo mwimbaji ni marehemu anayesimulia kutoka kaburini jinsi alivyonyongwa kwa kosa ambalo si lake, kwa kuwa alikataa kusema kwamba usiku ule alikuwa na mke wa rafiki yake. Na gitaa? Linapumua tu. Linapanda taratibu, linatetemeka kidogo, linashuka. Mpigaji mwingine angeona hadithi nzito namna hiyo akadhani anapaswa kulia kwa sauti kubwa. Helms alijua kwamba maneno yanatosha, na kwamba kazi yake ni kuwapa wasikilizaji nafasi ya kuyameza.

Nawaambia vijana wa bendi, na nawaambia kwa mapenzi: hebu jaribuni wiki moja kupiga solo kwa masharti ya Don Helms. Usipige mwimbaji anapoimba. Usitumie zaidi ya nyuzi mbili. Maliza kabla hujatakiwa kumaliza. Mtaona jinsi ilivyo vigumu, na mtaona wimbo unavyofunguka.

Gitaa la Helms halikuwa na pedali, na hapa lazima nieleze pedali ni kitu gani, kwa sababu zilibadilisha kila kitu. Zipo chini ya gitaa, na kila moja imeunganishwa kwa fimbo na baadhi ya nyuzi. Ukiikanyaga, nyuzi hizo hukazwa na sauti yake kupanda, huku nyingine zikibaki zilivyo. Zamani zilitumiwa kimyakimya, yaani mpigaji alikanyaga kati ya noti ili abadilishe mpangilio wa sauti, na msikilizaji hakujua. Mwishoni mwa mwaka 1953 Bud Isaacs, akirekodi na mwimbaji Webb Pierce wimbo "Slowly", alikanyaga wakati nyuzi bado zinalia. Uzi mmoja ulisimama palepale, mwingine ukapanda ukaukuta. Sauti ile haikuwahi kusikika katika wimbo uliovuma kiasi hicho. Mwaka 1954 "Slowly" ulikaa kileleni mwa chati ya muziki wa kantri kwa wiki 17, na wapiga stili Marekani nzima wakaanza kuchokonoa magitaa yao ili wayatie pedali. Wimbo ni wa Webb Pierce, na jina lililoandikwa kwenye santuri ni la Webb Pierce. Lakini mguu uliobadilisha muziki ulikuwa wa Bud Isaacs.

Aliyeitumia lugha hiyo ya pedali kwa namna inayonigusa zaidi ni Lloyd Green. Yeye alipiga kwenye mamia ya nyimbo za watu wengine. Wanaompenda humtaja kwa rekodi za bendi ya roki ya The Byrds za mwaka 1968, nami sina ugomvi nazo. Lakini nawaomba mtafute mambo mawili yasiyotajwa sana. Moja ni "The Lovin' Machine" wa Johnny Paycheck, mwaka 1966, ambamo gitaa linaanza kwa mngurumo wa gari, ukali ambao hukuutarajia kutoka kwenye chombo hiki. Jingine ni albamu ya Charley Pride iliyorekodiwa mwaka 1968 mbele ya watu katika ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth, Texas. Charley Pride alikuwa Mmarekani mweusi akiimba muziki ambao wengi waliuona ni wa wazungu, na rekodi zake za kwanza za mwaka 1966 zilipelekwa redioni bila picha yake. Katika Panther Hall yuko mbele ya watu, wanamwona, wanamshangilia, na Lloyd Green yuko ubavuni mwake. Sikilizeni "Kaw-Liga". Gitaa linacheka pamoja na mwimbaji, linamsukuma, linampisha. Hakuna studio ya kurekebisha kitu. Ukitaka kujua mpigaji anavyosikiliza kwa masikio yote mawili, ushahidi uko pale.

Sasa ninyi wa kwaya. Msifikiri nimewasahau. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, yako makanisa ya Wamarekani weusi ambamo gitaa la stili ndilo linaloongoza ibada mahali ambapo makanisa mengine yana kinanda. Lilifikaje huko? Kijana mmoja wa Philadelphia, Troman Eason, alijifunza kwa mwalimu kutoka Hawaii. Mdogo wake, Willie Eason, hakulipiwa masomo. Alisikiliza tu kaka yake akijifunza. Akaacha mtindo wa Hawaii, akachukua uzi mmoja na kuufanya uimbe kama mama mzee anayeanzisha wimbo kanisani, kwa kuvuta, kwa kukwama, kwa kurudia neno. Miaka ya 1940 alirekodi na Soul Stirrers, kundi la waimbaji wa injili. Katika rekodi zile anatamka mstari nusu kwa mdomo na nusu inayobaki inatamkwa na gitaa, na msikilizaji anaelewa maneno ambayo hayakusemwa. Mtu anaweza kuishi na rekodi hizo mwaka mzima asizichoke.

Turudi Hawaii, maana si vizuri kusifu mto ukasahau chemchemi. Kuna kundi lililoitwa Sons of Hawaii, na mpiga stili wake alikuwa David Rogers, ambaye wenzake walimwita Feet. Katika albamu yao ya mwaka 1971 solo zake ni fupi mno, nyingine hazizidi mistari miwili ya wimbo, na karibu zote zinafuata melodia ileile iliyoimbwa. Mtu mwenye haraka atauliza: hii nayo ni solo? Ndiyo, ndugu yangu, hii ndiyo solo. Rogers anaurudia wimbo kama aliyeupokea kutoka kwa mzee wake na anaogopa kuuharibu, lakini kila noti ina uzito wake na mtetemo wake, na hakuna mwingine anayeipiga vile. Na alikuwepo Billy Hew Len, aliyepoteza mkono wake wa kushoto akiwa kijana, akafungiwa chuma kwenye glavu, akawa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa visiwa vile. Nalitaja hilo kwa kijana yeyote anayedhani kwamba ana kizuizi.

Tena kuna Jerry Byrd. Alizaliwa Ohio mwaka 1920, mbali kabisa na bahari, akaupenda muziki wa Hawaii tangu utotoni. Ndiye anayepiga kwenye "I'm So Lonesome I Could Cry" ya Hank Williams ya mwaka 1949, solo ambayo wengi hudhani ni ya Don Helms. Wenzake walipokimbilia pedali, yeye alikataa. Alisema kwa vitendo kwamba mkono unatosha. Mwaka 1972 akahamia Honolulu, akakuta vijana wachache sana wa huko wanaojifunza chombo cha babu zao, akaanza kuwafundisha, mpaka alipofariki huko mwaka 2005. Mzungu wa Ohio aliwarudishia watoto wa Hawaii kilichoondoka kwao na Kekuku. Je, sisi tunasubiri nani aje kutufundisha mambo ya kwetu?

Lakini nikilazimishwa kuchagua jambo moja tu la kuwapeni leo, ningechagua Tau Moe. Alizaliwa Samoa mwaka 1908, akakulia Hawaii. Mwaka 1929, akiwa kijana, alirekodi Tokyo, Japani, pamoja na Rose, aliyekuwa mkewe na mwimbaji, na wenzao. Baada ya hapo Tau na Rose walizunguka dunia kwa zaidi ya miaka 50, Asia, Mashariki ya Kati na Ulaya, wakazaa na kulea watoto wao safarini, wakakaa miaka kadhaa Calcutta, na popote walipopita waliacha watu wakitamani gitaa hili. Santuri za Tokyo zikawa adimu, zikabaki mikononi mwa wakusanyaji wachache waliodhani kwamba waliozirekodi walikwisha kufa. Kisha, miaka ya 1980, mpiga gitaa wa Marekani Bob Brozman, ambaye alizipenda santuri zile na kuzisoma noti kwa noti, akapokea barua ya mtu anayeagiza rekodi yake, na jina lililoandikwa ni Tau Moe. Wazee walikuwa hai, wamerudi Hawaii. Mwaka 1989 ikatoka albamu ambayo ndani yake Tau na Rose, wakiwa na umri wa takriban miaka 80, wanaziimba na kuzipiga upya nyimbo za ujana wao pamoja na Brozman. Tafuteni rekodi zote mbili, mzisikilize kwa kufuatana. Sauti ya Rose imeshuka, imekuwa nzito, lakini anaingia kwenye mstari palepale alipokuwa akiingia miaka 60 kabla. Na solo zinaongea kwa heshima ileile. Sijui mfano bora kuliko huo wa watu kutunza muziki kwa kuishi nao.

Kutoka India nitataja moja tu, ingawa wapenzi wa filamu za Kihindi mnajua kwamba gitaa hili liliingia mpaka huko. Brij Bhushan Kabra, mwanafunzi wa Ali Akbar Khan, alililaza gitaa mapajani na kulipigia raga, muziki wa jadi wa India. Katika albamu "Call of the Valley" ya mwaka 1967, akiwa na Shivkumar Sharma na Hariprasad Chaurasia, watu humsifu sana Chaurasia, mpiga filimbi. Nawaomba mmsubiri Kabra. Anaingia baadaye, bila papara, na noti zake zinapinda kama koo la binadamu.

Na Afrika? Afrika tumo, na tumo kwa nguvu. Nigeria, King Sunny Adé alilitia gitaa la stili katikati ya magitaa mengi na ngoma zinazosema za muziki wa juju. Aliyelipiga katika albamu "Synchro System" ya mwaka 1983 ni Demola Adepoju. Pale gitaa halimlilii mtu. Linaelea juu ya ngoma, linatoa mstari mrefu mmoja wakati kila kitu chini yake kinakimbia. Sasa nawauliza: nani kati yenu hajawahi kusikia wimbo "Graceland" wa Paul Simon, wa mwaka 1986? Mikono imekuwa michache. Basi lile gitaa linaloteleza nyuma yake, ambalo msikilizaji hudhani ni la Mmarekani fulani wa Nashville, mji wa muziki wa kantri, ni la Demola Adepoju, Mnigeria. Gitaa la mdundo ni la Ray Phiri na besi ni ya Bakithi Kumalo, wote wa Afrika Kusini. Wimbo unazungumzia safari ya kwenda Memphis, na mikono iliyoubeba mpaka huko ni ya Waafrika. Semeni jina hilo pamoja nami: Demola Adepoju. Tena: Demola Adepoju.

Jirani yetu zaidi yuko Docteur Nico wa Kongo, Nicolas Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 1985. Wazee wanamjua kwa gitaa lake katika "Indépendance Cha Cha" ya mwaka 1960. Ambalo vijana hawalijui ni kwamba katika baadhi ya rekodi zake za miaka hiyo ya 1960 aliweka kando gitaa lake la kawaida la solo akashika gitaa la Hawaii, na rumba ikapata ulaini ambao haukuwahi kuwepo. Anapiga polepole kuliko unavyotarajia kwa mtu mwenye vidole vyepesi kama vyake. Anaacha uzi ulie mpaka karibu kuzimika, ndipo anaushusha. Waliokuwa wakizisikiliza nyimbo hizo redioni katika nyumba za Lindi na Mtwara walikuwa wakisikiliza gitaa la stili bila ya kuambiwa.

Nimeulizwa na vijana kabla ya kupanda hapa: tutalipata wapi gitaa hilo? Ya pedali ni ghali, sitawadanganya. Lakini unaweza kuanza na gitaa la kawaida la mbao. Inua nyuzi pale karibu na kichwa cha gitaa kwa kuweka kipande chembamba cha chuma chini yake, ili zisiguse freti. Zipange kwa mpangilio wa G, yaani kutoka uzi mnene hadi mwembamba: D, G, D, G, B, D. Lilaze mapajani. Tafuta kipande cha chuma laini, kizito, kisicho na kona. Kiweke juu kabisa ya freti, si nyuma yake kama unavyoweka kidole, na acha vidole vingine viguse nyuzi taratibu nyuma ya chuma ili kuzima makelele. Halafu usianze kwa kasi. Chukua wimbo mmoja ambao mama yako anauimba jikoni, uupige kwa uzi mmoja mpaka atakapokuja kukuuliza umeujulia wapi.

Na kwenu wazee ninalo ombi. Majumbani mwenu, Lindi mjini, Mikindani, Nachingwea, ziko santuri zilizofunikwa na vumbi. Msizitupe, wala msiuze kwa wapita njia. Zileteni hapa. Tutatafuta sindano nzuri, tutazipiga, na kila tutakapolisikia gitaa linaloteleza tutasimamisha, tutasoma karatasi ya katikati ya santuri, na kama jina la mpigaji halipo tutawauliza ninyi mnaokumbuka. Kijana mmoja atakaa na daftari. Aliye tayari kuanza na santuri za Docteur Nico aje mezani anione sasa hivi, kabla hatujawakaribisha wapigaji wetu.